Vigae vya Nakijwa

Ulisikika mlio mdogo wa kitu kuvunjika jikoni. Umeme ulikuwa umekatika tangu magharibi. Nilipofika na mshumaa, nikakuta bakuli la maua limekuwa vipande, na wanangu, Elineema na Kiende, wamejibana ukutani. Elineema akasema ni paka. Kiende akasema dada Zubeda, msaidizi wetu wa kazi, atafagia asubuhi.

Nikawaambia, "Avunjaye chungu na azoe vigae." Wakauliza maneno hayo yametoka wapi. Basi ketini, wanangu, na msikanyage hapo. Methali hii ilizaliwa kwetu milimani, na ilianza hivi.

Alikuwepo tajiri, Bwana Mshangama, mwenye mashamba ya mkonge bondeni na nyumba ya ghorofa kilimani. Kwake kitu kikianguka, hakuna wa kuinama. Glasi ikivunjika karamuni, wageni walicheka wakasogeza viti, watumishi wakaja na fagio. Mvi zikamjaa kichwani hajawahi kuokota kitu.

Njia ya kwake ilipita katikati ya uwanja wa wafinyanzi. Wafinyanzi walikuwa na desturi yao: chungu kikivunjika, mvunjaji mwenyewe huzoa vigae, akavitwanga, na unga wake ukachanganywa na udongo wa chungu kipya. Anayevizoa amekiri. Asiyevunja havigusi.

Siku moja Bwana Mshangama, akiwa amelewa, alimwacha dereva wake Mbazi sokoni, akashika usukani mwenyewe. Akapita juu ya mitungi arobaini ya mama mmoja, Nakijwa, iliyotoka motoni asubuhi ile. Ilikuwa ya kuwekea maji ya kijiji kizima, na kiangazi kimeshabisha hodi. Hakusimama hata kidogo. Kesho yake akamleta Mbazi uwanjani, akampa kikapu, akamwambia azoe.

Mbazi alijua maana yake. Akizoa, ndiye mvunjaji mpaka kaburini. Asipozoa, hana kazi, na nyumbani ana watoto watatu. Wanawake wote wakaacha kufinyanga, wakamtazama.

Akakiweka kikapu chini. "Bwana, viatu vyako nimevipiga rangi miaka tisa. Gari lako nimelisukuma kwenye matope. Vigae hivi sizoi."

"Basi kuanzia leo huna kazi."

"Sina kazi. Lakini sikuvunja."

Tajiri akamgeukia Nakijwa, akaahidi kumletea ndoo mia za bati. Nakijwa hakuinua hata kichwa kutoka kwenye udongo wake.

"Sijakuomba ndoo, baba. Nakuomba uiname."

Tajiri akaondoka akicheka, akisema tutaona nani atachoka kwanza. Lakini watumishi wake wote walikuwa watoto wa kijiji kile, na hakuna aliyegusa kigae. Wanawake wakatandika mikeka kando ya njia, wakaendelea na soga zao. Tajiri alipojaribu kupita kwa nguvu, tairi mbili zikapasuka. Bibi mmoja akauliza kama matajiri huzaliwa bila kiuno.

Jumamosi ilikuwa harusi ya binti yake. Magari ya wageni yakasimama foleni chini ya kilima, honi zinalia, bibi harusi anajipepea kwa leso. Watu wakashuka kutazama kuna nini. Bwana Mshangama akatazama watumishi wake, mmoja mmoja. Kila mmoja akamtazama vilevile.

Akainama.

Kigae cha kwanza kilimkata kidole. Akakifunga kwa kitambaa cheupe, akaendelea. Nakijwa akasogea, akamwambia taratibu, "Anza na vikubwa." Jua lilipoelekea kuzama ndipo njia ikawa safi. Tajiri akamwita Mbazi apande gari, amrudishie kazi. Mbazi akashukuru, akasema atatembea.

Siku ya pili tajiri alikuwa kwenye kinu, anatwanga, jasho linamtiririka. Kila aliyepita na mtungi kichwani alimwamkia kwa heshima, kisha akaendelea na njia yake akisema, "Avunjaye chungu na azoe vigae."

Hadithi ikaishia hapo. Mshumaa ulikuwa umebaki kidole kimoja. Kiende akachuchumaa, akaanza na kipande kikubwa.

"Mama, bakuli nimelivunja mimi."