Lubaba na Swali la Tonge la Idd

Wametusimulia waliotutangulia, Mola awarehemu, kwamba katika nchi ya Yemen, zama za watu waliopima maneno yao kabla ya kuyatoa, aliishi mwanamke mcha Mungu jina lake Lubaba. Alizaliwa katika kijiji cha milimani, kwa mama mjane aliyekuwa na kondoo wachache na shamba dogo la shayiri. Akaposwa na Ghalib, kijana wa mji wa bondeni penye mitende, akaolewa huko, mwendo wa siku tisa kwa ngamia kutoka kwao. Ghalib alikuwa mume mwema. Mama yake, Ummu Ghalib, alikuwa bibi mwenye dini na mwenye amri. Siku ya Idd wanawe wanne, wake zao na wajukuu walikula chungu kimoja, na chungu hicho kilikuwa chake.

Chakula cha Idd cha nyumba ile kilikuwa harisa, hii ambayo sisi tunaiita boko boko. Ngano na nyama ya kondoo viliwekwa motoni tangu mwezi ulipoandama, na kulipopambazuka wake za watoto wakapokezana mwiko, wakiponda na kucheka na kusutana, mpaka ngano na nyama zisijulikane ipi ni ipi. Kisha samli ikamiminwa juu bila kuogopa. Kwao Lubaba hakukuwa na mambo hayo. Mama yake alioka mkate wa shayiri, akauvunjavunja ndani ya mchuzi, akapiga unga wa uwatu uliolowekwa kwa mkono hadi ukatoa povu, akaumwaga juu yake. Basi. Chakula cha watu wawili, na uchungu kidogo wa uwatu unaobaki ulimini. Mtu aliyeonja vyote viwili angekwambia bila kusita kwamba harisa ndiyo chakula cha Idd, na kile kingine ni chakula cha siku yoyote kilichovishwa nguo safi. Lakini Lubaba, kila mwezi ulipoandama, alitamani kile cha mama yake.

Sasa Ummu Ghalib alikuwa na desturi aliyoirithi kwa mama mkwe wake. Asubuhi ya Idd ya Mfunguo Mosi, watu wakisharudi kuswali, alifinyanga tonge la kwanza kwa mkono wake, akamlisha mke wa mwanawe aliyeolewa kutoka mbali, mbele ya wote, kisha akamwuliza: "Mwanangu, chakula cha Idd cha kwetu na cha kwenu, kipi kitamu?" Akijibu, "Cha hapa, Mama," aliruhusiwa kufuatana na msafara akawaone wazee wake. Hoja ya bibi huyo ni kwamba aliyekwisha kukipenda chungu cha nyumba atarudi, na ambaye moyo wake ungali kwenye chungu cha mama yake, ukimfungulia mlango ndiyo kwaheri.

Mnauona mtego huo? Anayewatamani watu wake hapati ruhusa, na asiyewatamani ndiye anayepewa ngamia. Wake za watu walikwisha kuujua. Walijibu walivyotakiwa wajibu, wakaenda kufunga mizigo.

Lubaba alipoulizwa mwaka wa kwanza, alimeza tonge, akainamisha kichwa, akasema: "Mama, chakula chako ni kizuri, Mola akulipe kheri kwa jasho lako. Ila mimi naona cha mama yangu ni kitamu zaidi."

 Ummu Ghalib akafuta mkono wake polepole. "Basi bado," akasema, na mazungumzo yakaishia hapo.

Kila mwaka mjomba wake Lubaba alikuja na msafara wa watu wa milimani kuuza asali, naye ndiye aliyemletea salamu. Mwaka wa pili salamu zilikuwa nzito. "Mama yako macho yameanza kuingia ukungu," alimwambia. "Anasema, kama itawezekana, uje angali anaweza kukuona uso."

Usiku wa kuamkia Idd Ghalib akamsihi mkewe. "Sema neno hilo tu, Lubaba. Ni neno la kumfurahisha mzee. Mola anajua kilichomo moyoni mwako."

"Ndiyo maana siwezi," Lubaba akajibu. "Anajua."

Asubuhi, wakiwa kwenye mwiko, Jumana naye akaingilia kati. Huyu alikuwa mke wa mdogo wake Ghalib, mgeni kama yeye, mcheshi, mwepesi wa ulimi. "Mwenzangu, neno moja tu linakupa safari, nawe unalibania! Utakufa na hiyo kweli yako humu bondeni."

"Dada yangu," akasema Lubaba, "nimefunga mwezi mzima, nimeuzuia ulimi wangu usiseme uongo. Leo nifungue kwa uongo?"

Jumana akacheka, akaapa mbele ya wote kwamba tangu azaliwe hajala kitu kitamu kama harisa ya nyumba ile, na juma lile akaondoka na msafara wa kwao. Lubaba alijibu kama alivyojibu mwanzo, akabaki. Siku hiyo aliosha vyombo vya watu thelathini huku machozi yakimtiririka, wala hakumnung'unikia mtu. Tusidhani waja wema walikuwa hawaumii. Waliumia kama sisi, pengine zaidi, kwa kuwa hawakujipunguzia maumivu kwa maneno ya kuokoteza.

Msafara wa Jumana ukarudi bila Jumana. Watu wake walituma ujumbe kwamba binti yao hataki tena nyumba ya bondeni, apewe talaka yake. 

Ikaja Idd ya tatu, Lubaba sasa ana watoto wawili wadogo. Harisa ikapakuliwa, wote wakakaa. Bibi akafinyanga tonge, akamlisha Lubaba, akamwuliza swali lilelile, lakini safari hii sauti yake ilikuwa ya chini. Lubaba akatazama mkono ule wa kizee uliopakaa samli, akamwonea huruma, na uongo ukamjia mdomoni ukiwa mtamu kuliko chakula chenyewe. Akamkumbuka mama yake na ukungu wa macho yake. Kisha akamkumbuka Mola wake.

"Cha mama yangu," akasema, akaanza kulia. "Nisamehe, Mama. Bado ni cha mama yangu."

 "Mimi niliulizwa hivyo miaka arobaini iliyopita, mahali hapa nilipokaa," akasema Ummu Ghalib. "Nikasema cha hapa ndicho kitamu. Nilidanganya harisa ingali mdomoni." Akawageukia watu wake wote. "Jumana aliniapia, nami nikampa ngamia wangu mwenyewe. Huyu ameninyima neno moja la kunifurahisha miaka mitatu, na mama yake anapofuka. Mwanangu, leo nakuuliza jambo lingine. Ukienda, utarudi?"

"Nitarudi, Mama, Mola akinipa uhai. Nitakula kwetu Idd ya Kuchinja, na Mfunguo Nne nitakuwa hapa."

"Basi nenda. Na watoto wako uwachukue, bibi yao awashike." Wakubwa wakashangaa, maana mwanamke aliyeondoka na watoto hakuwa ameacha nyuma cha kumrudisha. Lakini bibi yule alikwisha kupata alichokuwa akikitafuta kwa harisa miaka yote, na akakipata kwa yule ambaye hakuisifu.

Lubaba akapanda mlima na mjomba wake na watoto wawili. Mama yake alikuwa bado anaona kidogo. Alimshika uso kwa mikono miwili, akausogeza karibu na macho yake, akautazama kwa muda mrefu mno, mpaka watoto wakaanza kumvuta nguo mama yao.

Siku ya Idd mama akakataa msaada. Akaoka mkate wake, akapiga uwatu kwa kuusikiliza povu lake, akamwaga juu ya mchuzi. Lubaba akapiga bismillahi, akala. Hakukosa kitu. Chumvi ile ile, moshi ule ule, uchungu ule ule mdogo aliouota miaka mitatu. Naye akashangaa kujiona akitega sikio, akisikiliza miiko na kelele za wale wanawake wakisutana, na nyumba ilikuwa kimya. Mkono wake ukasita juu ya bakuli.

"Mwanangu," mama akamwuliza, "ni kile kile?"

"Ni kile kile, Mama."

"Na cha wakwe zako? Kipi kitamu?"

Hapo Lubaba akaona kwamba mitihani mingine yote ilikuwa myepesi. Kule alimkera mama mkwe. Hapa ni mama mzazi, mjane, amepika kwa kupapasa. Lakini ulimi uliozoea kweli haukuwa na njia ya pili. Akasema: "Mama, nimekula chako nikakitafuta cha kule. Sijui ni lini imenitokea. Nisamehe."

Mama akaweka tonge chini. Akaelekea kibla, akasujudu, akakaa kwenye sijida mpaka Lubaba akaogopa. Alipoinuka uso wake ulikuwa umelowa, naye anatabasamu.

"Idd ya kwanza ulipoondoka," akasema, "niliomba dua mbaya. Nilimwomba Mola usione utamu wa chakula popote ila hapa. Kisha mjomba wako akaniambia unavyolia huko kila Idd, nikajua nimemfanyia nini mwanangu. Tangu siku ile naomba akuondolee hamu hiyo, akupe raha pale ulipo. Leo nimejibiwa."

"Na hamu yako wewe, Mama? Hukuiombea iondoke?"

"Yangu ya nini kuiondoa? Ndiyo iliyokuwa ikila nami Idd zote hizo. Haya kula, mchuzi unapoa."

Lubaba alirudi bondeni mwezi wa Mfunguo Nne, kama alivyoahidi. Hakumwona tena mama yake duniani.

Mimi ninayewasimulia, mama yangu aliniuliza Idd moja kama pilau yake imekolea. Nilikuwa na haraka, nikasema imekolea, bila kuionja. Wallahi sijui hata leo ilikuwaje. Mola awarehemu mama zetu waliotangulia, na aliye naye bado, Idd hii aende kwake, akae, aonje, akiulizwa aseme kweli.