Kwa Nini Washairi Huita Nana

Jambo hili lilianza siku ya Alhamisi, saa kumi na nusu alasiri, katika mji wa Kiwandeo. Wasemao ilikuwa Ijumaa wanachanganya na siku ya karamu.

Zamani hizo jina la Nana halikuwapo, si majumbani wala katika tenzi. Mshairi alimtaja mwanamke kwa jina lake hasa, na jina lisipoenea katika mizani nane za kipande, alimwita Lulu. Ndiyo maana Mwanamkuu binti Shekuwe, mshona kofia, hakuamini mashairi. Dada yake aliwahi kuitwa Lulu na bwana mmoja, kisha shairi lile lile likaonekana katika nyumba nyingine tatu, halikubadilishwa hata nukta.

Basi Kitwana, mshairi wa mji, alipoleta posa, Mwanamkuu alimpelekea jibu kwa kinywa cha shangazi yake: "Anitaje mimi, jina zima pamoja na la baba, mbele ya watu, kwenye harusi ya binamu yangu. Ikipungua silabi moja, asirudi."

Kitwana akahesabu. Jina lilikuwa na mizani kumi, na kipande hubeba nane. Alijaribu "Mwanamkuu wa Sheku," lakini Mzee Shekuwe akaja juu: "Na 'we' yangu umeipeleka wapi?" Akajaribu "Mkuu binti Shekuwe." Mizani zilitimia, ila alipousoma mstari huo barazani, mkuu wa mji alimshukuru kwa sifa, kisha akauliza yeye amekuwa binti wa mtu tangu lini.

Siku ya harusi ikafika, Kitwana hana mstari. Wanaume walikaa uani, wanawake nyuma ya pazia. Aliimba beti sita vizuri, akitumaini kwamba ukifika ubeti wa jina, jina litajipanga lenyewe. Ubeti ulipofika, vidole vyenye hina vilichomoza penye upenyo wa pazia, tayari kuhesabu. Vilikuwa na alama za sindano. Alivijua.

"Nakuita Mwana..." akaanza, na maneno yote yakamtoka kichwani. "Na... na..."

Uani wakapiga makofi, maana mizani zilikuwa nane kamili na kina kilikuwa kitamu. Nyuma ya pazia wanawake saba waliitika kwa pamoja, "Bee!" Mmoja alikuwa ajuza wa miaka themanini. Mwingine alikuwa bibi harusi mwenyewe, na bwana harusi akasimama akiuliza, "Hiyo bee ya nani?"

"Umeona?" shangazi akamwambia Mwanamkuu. "Jina lako limemshinda, na hilo alilobabaika nalo wenzio saba wameshaligombania."

Mwanamkuu alikuwa bado akivitazama vidole vyake. "Shangazi, Lulu hutamkwa bila jasho. Huyu kaona vidole tu, kasahau na Kiswahili."

Na tangu siku hiyo, mshairi aliyelemewa na jina la mpenzi wake humwita Nana, na kila mwanamke asomaye hudhani ameitwa yeye. Siku hizi ni jina la kizamani. Ukiliita sokoni hageuki mtu. Lakini fungua tenzi za kale utalikuta mwisho wa mstari, limeshikilia kina.

Ama Kitwana, alirudi kwake akajifungia kwa aibu. Asubuhi iliyofuata, saa moja kasorobo, Mwanamkuu alifunika sahani ya vitumbua, akamchukua shangazi yake, akaenda kupiga hodi mlangoni pale.

"Nani?" Kitwana akauliza kutoka ndani, kwa sauti ya mtu asiyetaka mgeni.

"Nana," akajibu.