Matundu Kumi na Mawili ya Bi Mwanasiti

Hapo zamani, ila si zamani ya kutisha kwa maana bati lilikwishafika, Bi Mwanasiti alikuwa na nyumba kongwe huko Pangani, na nyumba hiyo ilikuwa ikimchemsha. Marehemu mumewe aliijenga kwa mawe, akaiezeka bati, akaiwekea dari ya mbao. Miaka mingi bibi huyu alilala humo bila kulalamika. Kisha joto likaanza kujazana juu ya dari, mbao zikaota ukungu, na yeye, mwenye nyumba, akahamishia godoro lake jikoni, kando ya jiko la mkaa.

Mwanawe Sefu akaja kutoka Morogoro, akaliona lile godoro.

"Mama, Ijumaa ya pili nakuja na gari. Nikikuta bado unalala jikoni, tunaondoka wote, na nyumba naifunga."

Bi Mwanasiti alitamani kulia. Hakulia, alikasirika, maana kukasirika alikuzoea zaidi. Akatangaza mtaa mzima: atakayemrudisha chumbani kwake, atampa chumba cha mbele, chenye mlango wa barabarani, akae humo maisha yake yote. Ufunguo akaufunga kwenye pindo la kanga.

Jumatatu mtaa ule ulikuwa na mafundi wawili. Jumanne kila mtu alikuwa fundi. Huyu alimshauri apake bati chokaa, yule alimshauri ajifunike kanga mbichi. Bi Mwanasiti aliwasikiliza wote kwa mdomo uliobinuka.

Akaja Kombo, seremala, mtu wa kupima mara moja na kujisifu mara tatu.

"Bi Mwanasiti, joto hupanda. Likipanda, likute pa kutokea."

Akatoboa ukuta juu kabisa, karibu na mgongo wa paa, akatia kidirisha cha vibao vilivyoinamishwa mshazari, hewa ipite na mvua isiingie. Kazi safi. Akasimama uani kungoja kupongezwa. Joto halikumpongeza, lilibaki lile lile.

"Sasa joto limepata dirisha la kuchungulia," alisema Bi Mwanasiti. "Linatutazama tunavyotoka jasho."

Akaja Mwatumu, mpangaji wa chumba cha uani, muuza vitumbua.

"Bibi, naomba chetezo na udi, nipande navyo darini."

"Wa nini? Darini kuna bwana harusi?"

Mwatumu alipanda ngazi, akaingiza kichwa na chetezo darini, akautazama moshi. Moshi ulipanda, ukasimama, ukakaa. Dirisha lilikuwa wazi na haukulijali. Aliposhuka macho yalikuwa mekundu.

"Bibi, hewa itoke vipi na hakuna inayoingia? Kule chini, paa linapokutana na ukuta, kuna viraka vya saruji. Nimehesabu kumi na viwili."

Bi Mwanasiti akamwita Mbaruku, mtoto wa kaka yake, fundi mwashi. Mbaruku alikuja na nyundo na tindo, akaenda moja kwa moja kwenye vile viraka bila kuuliza viko wapi. Shangazi yake aliliona hilo, akaliweka moyoni. Siku mbili alibomoa. Matundu kumi na mawili yakafunguka chini ya upenu, kila moja akalitia wavu wa waya. Mwatumu akawasha udi tena, na safari hii moshi ulipinda, ukaenda dirishani, ukatoka.

Alhamisi, baada ya sala ya adhuhuri, Bi Mwanasiti alijilaza kwenye kitanda chake mwenyewe. Alilala mpaka alasiri. Alipoamka alilia kweli, peke yake, kwa furaha, kisha akanawa uso ili wasijue.

Wakamkuta barazani, wote watatu, kila mmoja na mdomo wake.

"Ufunguo wangu," alisema Kombo. "Bila dirisha langu moshi ungetokea wapi?"

"Ufunguo wangu," alisema Mwatumu. "Bila macho yangu mngekuwa bado mnakisia. Tena hii nyumba ilipumua miaka mingi kabla ya hicho kidirisha chako."

"Wewe umefanya nini zaidi ya kufukiza?" Kombo alimrudishia.

"Ufunguo wangu," alisema Mbaruku. "Bila matundu, dirisha ni pambo na udi ni harufu."

Hapo Bi Mwanasiti akacheka kicheko kibaya.

"Mbaruku! Miaka mitatu nyuma popo aliingia kwa tundu moja. Nilikwambia uzibe tundu moja. Moja! Nani alikutuma uzibe kumi na mawili?"

Mbaruku akatazama chini. "Nilikuwa nimeshakoroga saruji nyingi, Shangazi. Ningeimwaga?"

"Nimelala jikoni kwa ajili ya karai la saruji! Halafu leo unataka zawadi kwa kubomoa uchafu wako!"

Kombo akacheka mpaka akajishika mbavu. Mwatumu naye akacheka. Mbaruku akangoja wamalize.

"Ni kweli, Shangazi, nilikosa. Lakini siku ile nilikuita uje utazame. Ulikuja, ukayatazama yote kumi na mawili. Ukasema, 'Afadhali. Sasa nyumba imependeza, imeondokana na vitundu vya kimaskini vya marehemu.'"

Kicheko kikakatika. Bi Mwanasiti akainua macho kwenye upenu. Alimkumbuka mumewe juu ya ngazi, akiyapima yale matundu kwa kiganja chake, na yeye chini akimcheka. Aliona aibu, na ilimuuma.

Ijumaa gari la Sefu likasimama mlangoni. Jikoni hapakuwa na godoro. Sefu akaingia chumbani kwa mama yake, akasimama, akasikia ubaridi shingoni.

"Haya, umenishinda, Mama. Unabaki. Nani amekurudisha?"

Wale watatu walikuwa barazani, shingo ndefu. Bi Mwanasiti akafungua pindo la kanga, akautoa ufunguo.

Haya, nyie mliokuwa mkimcheka Mbaruku, na nyie mliokuwa mkimcheka bibi, semeni sasa tuwasikie. Kombo aliyetoboa, Mwatumu aliyeona, Mbaruku aliyeziba akazibua: ufunguo ni mmoja. Je, ungekuwa wewe, ungemkabidhi nani?