Uji wa Mama Tupokigwe

Weka hicho kikombe chini kidogo usome hii kwanza. Kwa nini nimeanza na kikombe utajua huko mbele, na tafadhali usirukie mwisho, maana nawajua watu wa kundi hili la simu.

Kule Tukuyu, kwenye baridi na mvua isiyo na adabu, aliishi fundi cherehani aitwaye Ikupa. Mumewe alikuwa Ambokile, fundi pikipiki, na waliishi nyumba moja na mama mzazi wa Ambokile, mjane aitwaye Mama Tupokigwe. Najua ukisikia mama mkwe na mkamwana chini ya bati moja unasubiri vita. Subiri tu, lakini ujue huyu mama alimpenda Ikupa kuliko alivyompenda mwanawe wa kumzaa. Ambokile mwenyewe alilijua hilo na alikwisha kulizoea.

Basi Ikupa akaanza kuchoka. Si ule uchovu wa kazi unaoisha ukilala. Huu aliamka nao. Alisinzia juu ya cherehani na sare za shule mikononi, hata siku moja akajichoma sindano kidoleni. Alivaa sweta mbili na bado vidole vilikuwa baridi. Sauti ikakwaruza, nywele zikabaki kwenye kitana, uso ukamvimba. Na kwa kuwa Tukuyu kila mtu analia baridi, hakuna aliyeshtuka. Walimtania tu kwamba ndoa imemkubali, anaongezeka.

Ilipofika mahali anaanza kusahau vipimo vya wateja, alikwenda hospitali. Daktari Hilda akampima damu, akamweleza kwamba tezi ya shingoni imelegea, haitoi homoni ya kutosha, na bila homoni hiyo mwili mzima unakwenda kwa kujikokota. Akamwandikia kidonge cha kumeza kila siku asubuhi. Kwenye dirisha la dawa foleni ilikuwa ndefu na maelezo yakawa mafupi. Ikupa alirudi nyumbani akijua jambo moja tu: asubuhi, kila siku, asikose.

Hapo ndipo Mama Tupokigwe alipojipa kazi.

Lazima nikwambie kitu kuhusu huyu mama. Zamani marehemu mumewe alimeza dawa za malaria bila kula, akaenda shamba, akaanguka kati ya migomba akitapika nyongo. Tangu siku hiyo, kwa Mama Tupokigwe, dawa na tumbo tupu havikai pamoja. Ukimwambia vingine anakuona unataka kuua mtu.

Kwa hiyo kila alfajiri alikuwa wa kwanza jikoni. Alipika uji mzito wa ulezi, soya na karanga, akaumalizia kwa maziwa ya ng'ombe wake mwenyewe, akaupeleka hadi kitandani kwa mkamwana. Ikupa anywe bakuli lote, ndipo ameze kidonge, na mama amesimama pale pale anaangalia. Sasa niambie, mkamwana gani aliyelelewa vizuri atarudisha bakuli la mama mkwe?

Miezi ikapita, nafuu hakuna. Alirudi kwa Daktari Hilda, damu ikapimwa, homoni bado iko chini. Daktari akamuuliza kama anameza kila siku. Akajibu kila siku, asubuhi, hajawahi kukosa, na ilikuwa kweli tupu. Dozi ikapandishwa. Akarudi tena, bado. Ikapandishwa tena. Mama Tupokigwe aliposikia dawa imeongezwa, naye akaongeza. Uji ukawa mzito zaidi, na maziwa mengi zaidi.

Ikupa alianza kukata tamaa. Usiku alikuwa anajigeuza ukutani analia taratibu ili Ambokile asisikie. Dawa anameza, chakula anakula, anapendwa, sasa mwili unataka nini?

Ndipo akaja jirani mmoja. Simtaji jina, maana huenda yumo kwenye kundi hili. Alileta sketi kupunguzwa kiuno, akamtazama Ikupa vile alivyovimba, akaanza kuuliza maswali ya pembeni. Nani anakupikia? Nani anakuletea? Na unakunywa mbele yake? Akaguna. Hakusema zaidi, na watu wa namna hiyo huwa hawasemi zaidi. Wanaguna, wanachukua sketi yao, wanaondoka, wewe unabaki na mguno.

Ikupa aliukataa ule mguno. Mama yule? Haiwezekani.

Bahati nzuri au mbaya, wiki hiyo hiyo binti wa Mama Tupokigwe alijifungua huko Chunya. Mama akafunga kitenge, akachukua mfuko wake, akaenda kumlea mzazi mpaka apate nguvu. Asubuhi ya kwanza Ikupa alimeza kidonge kwa maji ya kwenye kikombe, akalala tena kidogo, akaja kunywa chai yake baadaye sana, alipofungua cherehani, na ikawa hivyo kila siku.

Baada ya muda si mrefu, Ikupa akapona.

Nakwambia akapona. Alivua sweta moja, kisha ya pili. Sauti ikarudi, akawa anaimba huku anashona. Alimaliza sare zilizokuwa zimelala kabatini tangu muhula uliopita. Wateja wakashangaa. Yule jirani alipita, akamwona anavyong'aa, akauliza kwa sauti ya upole kabisa: "Na mama mkwe bado yuko safarini?"

Hapo ule mguno ukaota mizizi. Ikupa alihesabu mwenyewe: mama yupo, naumwa; mama hayupo, nimepona. Alilia siku nzima, kwa sababu alimpenda yule mama, na kumwogopa mtu unayempenda ni mateso. Jioni akamwambia mumewe, bila ukali, kwamba mama akirudi kukaa pale, yeye ataondoka.

Ambokile akatoka nje na simu. Kisha akampigia kaka yake wa Mbarali, akamwomba amwandalie mama chumba. Hakutoa sababu. Angeanzia wapi?

Haya, kama hadithi ingeishia hapa, mama wa watu angefia Mbarali bila kujua kosa lake. Lakini mwili wa Ikupa haukuwa umemaliza kusema.

Mikono ikaanza kutetemeka. Uzi ukawa hauingii kwenye tundu la sindano. Moyo ukamdunda amekaa tu, kama mtu aliyepanda kilima mbio. Akawa anatoka jasho kwenye baridi ya Tukuyu, na usingizi ukakimbia. Aliogopa kuliko alivyoogopa mwanzo. Akajiambia kwamba mama amejua kila kitu, na sasa anammaliza kutoka huko huko Chunya.

Alikwenda kwa Daktari Hilda akiwa amejishika kifua. Damu ikapimwa. Daktari alisoma majibu, akayasoma tena, akasema safari hii homoni imezidi, tena sana. Dozi ni ile ile? Ile ile. Unameza viwili kwa kusahau? Hapana. Nyumbani kuna kilichobadilika?

Ikupa akainama. Akasema hakuna, ila mama mkwe amesafiri. Na kwa kuwa alikuwa amechoka kubeba jambo lile peke yake, akalimwaga lote pale mezani, mpaka mguno wa jirani.

Daktari Hilda hakucheka. Aliuliza swali moja ambalo alipaswa kuliuliza siku ya kwanza, na baadaye alilikiri hilo mwenyewe.

"Mama alipokuwepo, kidonge ulikimeza na nini?"

"Na uji, daktari. Bakuli zima, kisha kidonge."

"Na sasa?"

"Na maji tu. Uji nani anipikie?"

Alipotajiwa soya na maziwa, daktari aliegemea kiti, akashusha pumzi. Akamweleza kwamba kidonge kile hakipendi kampuni. Kinataka tumbo tupu na maji matupu, kisha chakula kisubiri kama saa nzima hivi. Kikikuta soya na maziwa tumboni, sehemu kubwa inanaswa huko huko na kupita bila kuingia kwenye damu. Dawa ilikuwa inafika kidogo, wao wakadhani haitoshi, wakaongeza. Uji ulipoondoka, dozi yote ile kubwa ikaingia kwa mkupuo. Kwanza ikamponya, kisha ikampita kimo.

"Kwa hiyo mama hakuniroga?" Ikupa aliuliza.

"Mama alikulisha. Tulikosea saa."

Ikupa alilia pale pale ofisini, na safari hii kilio kilikuwa cha nafuu. Alijisikia kama mtu aliyetua ndoo ya maji kichwani baada ya mlima mrefu. Dozi ikapunguzwa, akaonywa asipunguze wala kuongeza kwa akili yake, arudi wiki kadhaa baadaye wapime tena. Hata kabla hajatoka getini, alikwisha kumpigia Ambokile: mwambie kaka yako chumba hakihitajiki, mama anarudi kwake.

Mama Tupokigwe alirudi Jumamosi, na mfuko wa karanga za Chunya. Ikupa alipiga magoti kumpokea, kisha hakuinuka. Alimweleza yote, hata lile la Mbarali. Angeweza kuficha, lakini hakuona kama angeweza kula tena mkononi mwa yule mama bila kusema.

Mama aliuweka mfuko wa karanga chini. "Kwa hiyo uji wangu ndio uliokuwa unakuumiza, mwanangu?"

"Uji haukuwa na kosa, mama. Tuliukutanisha na dawa."

Mama akafuta macho kwa ncha ya kitenge. Kisha akakunja uso, kama mtu aliyekumbuka kitu, akamgeukia mwanawe.

"Ambokile. Si nilikuachia debe zima la unga? Si nilikuagiza uamke alfajiri umpikie mkeo kila siku, na ukaniapia?"

Ambokile akatazama dari. Ikupa akamtazama Ambokile. Debe likaja kupatikana nyuma ya magunia ya mkaa, limejaa, hata kifuniko hakijaguswa. Tangu siku mama alipoondoka, mwanaume hakuamka hata mara moja.

Mama Tupokigwe alimtazama mwanawe, akatazama debe, akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika ukuta. Ikupa naye akashindwa kujizuia. Uvivu wa Ambokile, ambao mama aliupigia kelele tangu akiwa mtoto, ndio uliofichua kile ambacho bidii ya watu watatu ilikificha.

Sasa alfajiri mama bado ndiye wa kwanza kuamka. Anampelekea Ikupa kikombe cha maji, anasimama hapo hapo anaangalia, kisha anarudi jikoni na kulinda sufuria yake. Uji hautoki mpaka jua ligonge kizingiti. Ukimsogelea mapema anakutisha na mwiko.

Sikudanganyi kwamba kila kitu kilikwisha. Dozi ilirekebishwa mara nyingine kabla haijakaa sawa. Nywele zinarudi kwa madaha, vidole bado vinapata baridi mvua ikizidi, na kuna siku mchana usingizi unamvuta juu ya cherehani. Daktari alimwambia mwili uliochoka muda mrefu hauamki siku moja. Siku kama hizo mama anamvutia mkeka barazani, anasema, "Lala kidogo, sare hazina miguu," na Ikupa analala bila hofu yoyote.

Yule jirani alirudi na sketi nyingine. Akakaribishwa uji.

Funzo: Dawa isipofanya kazi, kabla ya kuiongeza na kabla ya kumtafuta mchawi, uliza kwanza inakutana na nini njiani, maana hata uji wa upendo una saa yake, na hicho kikombe chako pia.