Ngiri na Gari la Viti Vinane

Paukwa!

Pakawa!

Kaeni vizuri, wadogo mbele, wakubwa msijifanye hamsikii.

Hapo zamani za kale, nguchiro walipokuwa madalali wa magari, palikuwa na Ngiri mmoja na watoto wake sita. Ngiri hutembea mstari mmoja, mikia juu. Baba mbele, watoto katikati, mama nyuma kabisa, akiufunga mstari. Lakini masika yale mama alifariki kwa homa. Mstari ukabaki wazi nyuma.

Simba akajua. Simba huacha kichwa kipite, tumbo lipite, kisha hurukia mkia. Mara ya kwanza alimkosa kitinda mimba. Mara ya pili alimkwaruza paja. Na sasa dimbwi la nyumbani limekauka, sharti wavuke mbuga waende mtoni. Ngiri akitazama nyuma, anajikwaa. Akitazama mbele, moyo unabaki nyuma.

Basi akawachukua watoto na mama mkwe wake, wakaenda kwa Nguchiro.

"Karibu, baba! Gari la familia hili. Mlango wa kuburuta, srrrr, ta! Humu hakuna wa mwisho, wote wa katikati!"

Bibi akalizunguka. Akaligonga, ngo ngo ngo. "Linakunywa?"

"Kidogo sana, bibi."

"Hata marehemu mume wangu alisema hivyo. Na mikia yetu itasimama wapi, na paa hili?"

"Italala, bibi."

"Shimoni linaingia?"

"Haliingii."

"Haya! Shimo lenye magurudumu, na shimoni haliingii."

Bibi akahesabu viti. Akahesabu watu. "Viti vinane, nasi wanane. Angekuwapo mwanangu, tusingeenea."

Ngiri akatazama kwato zake. Mkwe hajibiwi harakaharaka. Kisha akasema, "Mama, hebu tulijaribu hili gari."

Mnajua ngiri anavyoingia nyumbani kwake? Kinyumenyume, ili meno yabaki yakiuangalia mlango. Ndivyo walivyoingia garini, mmoja mmoja, matako kwanza. Wote wakaketi wakitazama nyuma. Na Ngiri akaketi kwenye kiti cha dereva, kisogo kwenye kioo cha mbele.

"Baba!" Nguchiro akapiga kelele. "Usukani uko mgongoni kwako!"

"Nimeuona," akasema Ngiri. Akaushika kwa miguu ya nyuma. Mkia nao ukapata kazi, ukakanyaga mafuta.

Akatazama. Kisogo cha bibi. Visogo vya watoto, kimoja, viwili, vitatu, vinne, vitano, sita. Tangu masika hajawahi kuwaona wote bila kugeuka.

"Nalichukua," akasema.

"Na kasoro zake?" akauliza bibi.

"Zote nimezisikia, mama. Nalichukua nazo."

Akatia rivasi. Nyiiiiii! Gari likakata mbuga, matako mbele.

Nyasini alilala Simba. Likamjia gari, na kwenye kioo cha nyuma pua nane na meno yaliyochongoka, yote yakimtazama yeye.

"Hicho kichwa," akasema Simba. "Kipite."

Kikapita. Tumbo likapita. Simba akajikunja, tayari kuruka. Mara akakutana na taa mbili zikimkodolea macho, na mdomo mpana wa chuma.

"Hicho nacho kichwa!" akasema Simba. "Mkia uko wapi?"

Akaangalia huku. Akaangalia kule. Akainama kutazama chini, vumbi likamjaa puani. Chya! Chya! Alipomaliza kupiga chafya, gari lilikuwa mtoni, mlango umefunguliwa, srrrr, na watoto sita wanakunywa maji.

Bibi akateremka wa mwisho, polepole, akiunyoosha mkia wake. "Linatikisa mgongo," akasema.

"Ndiyo, mama," akasema Ngiri.

Sikilizeni basi. Hakuna chombo kisicho na kasoro, nawe ukikingoja hicho, utawapoteza wako ukingali unachagua. Chagua kile kinachokuwezesha kuwaona wote, hata kama majirani watasema unakwenda kinyume.

Hadithi yangu imeishia hapo, mtoni. Mwenye kiu na anywe.