Kiti cha Nyuma cha Pikipiki ya Gwamaka

Hapo zamani, si zamani ya wafalme bali ile ambayo watoto wake bado hawajaota ndevu, palikuwa na pikipiki moja kuukuu katika kijiji cha milimani, kule Rungwe. Mwenyewe aliitwa Gwamaka. Alioa, akakaa na mkewe mpaka mahindi ya harusi yakaisha ghalani, kisha akaenda nchi za kusini kuendesha malori. Pikipiki akaiacha. Miaka saba akawa sauti tu ndani ya simu.

Watu watatu walimngoja. Mama yake, Tusekile. Mkewe, Subilaga. Na kaka yake, Lusekelo, ambaye hata ile sauti hakuipata.

Kwa nini hakuipata? Kabla Gwamaka hajaondoka, Lusekelo aliiazima pikipiki, akaipakia magunia ya viazi mpaka kiti kikakaribia kugusa tairi. Mteremkoni shokapu za nyuma, zile za kupunguza mshindo, zikapasuka. Pikipiki ikaanguka, na Lusekelo akavunjika mkono wa kushoto. Mfupa uliunga vibaya, na mkono haukukamata klachi tena. Gwamaka alisema, "Nilikukataza," akaondoka bila kumuaga. Tangu hapo, akipiga simu, aliuliza habari za mama, za mke, hata za kuku. Kaka yake hakumtaja.

Basi Alhamisi moja simu ikalia.

"Jumapili asubuhi nitafika darajani na shehena. Nasikia daraja limekatika, watu tu ndio wanaovushwa kwa mtumbwi. Lori haliwezi kuvuka, wala siwezi kuliacha. Nikishusha mzigo, nageuza. Nitangoja mpaka saa sita mchana."

Kutoka kijijini hadi darajani, kwa miguu, ni mwendo wa siku mbili kupitia njia ya mlimani. Gari halipiti. Bodaboda zote zilikuwa zimekwama ng'ambo siku daraja lilipochukuliwa na maji. Ilibaki pikipiki ya Gwamaka, nayo shokapu zake za nyuma zilikuwa bado zimepasuka.

Wakamwita Fundi Mwakifuna, mtu pekee aliyeijua njia ile kwa magurudumu. Akapiga kiki mara mbili, injini ikaitika.

"Hii imelala miaka saba?" akauliza.

"Haikulala," akasema Subilaga.

Fundi akamwaga oili ya zamani, akatia mpya. Akasafisha plagi na chujio la hewa. Akarekebisha cheni hata ikacheza upana wa vidole viwili, si zaidi. Akabadili sili za shokapu za mbele. Kisha akashika breki ya mbele, akaukandamiza usukani kwa nguvu. Ukazama, ukapanda mara moja, ukatulia.

"Mbele pamepona," akasema. "Nyuma ndiko kwenye neno."

Jumamosi jioni Lusekelo akatokea, miguu imevimba, shokapu mbili begani. Alfajiri ya Jumapili fundi akazifunga, akachukua spana, akainama.

"Hapa chini ya springi kuna pete yenye vidato," akasema. "Kidato cha juu ni cha mtu mzito, cha chini ni cha mwepesi. Njia ile ni mawe matupu. Springi ngumu itamrusha mwepesi. Springi laini itagonga chini kwa mzito, ipasuke kama zile za kwanza. Nipeni abiria nimpime."

Wote watatu wakasogea. Mama amejifunga shuka jipya la baridi. Mke amevaa kitenge ambacho hakuna aliyewahi kukiona. Kaka amefua shati lake la pekee na halijakauka. Kumbe hawakuwahi kuulizana nani atakwenda!

"Tupande mishikaki," akasema mama.

"Mama, nyuma ni mmoja tu," akajibu fundi. "Wawili, nitawazika njiani."

Akapanda mama. Pikipiki haikushuka hata kidogo. Fundi akairudisha pete kidato cha chini kabisa.

"Walikuja watu kuinunua," akasema mama. "Nikawaambia, mnauza watoto kwenu? Nikailaza jikoni kwangu, mvua isiionje. Kila asubuhi nilitandaza majivu chini yake nione kama inavuja, na ni mimi niliyeliona tone la kwanza. Sauti ya mwanangu nimeishiba. Nataka uso. Na miaka saba mingine, nani ataniazima?"

Akashuka. Akapanda mke. Pikipiki ikashuka kidogo. Fundi akapandisha pete kidato kimoja, cha pili.

"Mama aliilaza, mimi niliiamsha," akasema Subilaga. "Kila Jumamosi niliiwasha, nikaizungusha matairi yasipasuke upande mmoja, nikaipaka cheni oili. Wenzangu walinicheka, wakasema nimeolewa na chuma." Akaiokota shokapu ya zamani iliyotupwa chini, akasugua matope kwa kidole. "Fundi, tazama. Pete imeota kutu kidato kipi?"

Fundi akatazama. "Cha pili."

"Aliikaza mwenyewe, juma la harusi, mimi nimekaa hapa hapa. Hakuwahi kukibadili kidato hiki. Mimi nami sijaonja ndoa zaidi ya gunia moja la mahindi."

"Ungetembea, mkwe wangu," akasema mama. "Miguu unayo."

"Ningetembea, mama, nawe ungebaki na nani?"

"Nilikuomba?"

Subilaga akashuka. Akapanda kaka. Pikipiki ikalalama, ikashuka sana. Fundi akapandisha pete mpaka kidato cha mwisho.

"Leo hujabeba viazi, shemeji?" akauliza Subilaga.

"Nicheke tu," akasema Lusekelo. "Niliivunja mimi. Nilimtafuta mwenye pikipiki ya aina hii mpaka Kiwira. Akakataa kung'oa shokapu za pikipiki inayotembea, mpaka nikamwachia mtamba wangu. Na Alhamisi ile, kama ningeshika njia ya darajani badala ya Kiwira, leo ningekuwa nimekaa naye ndani ya lori. Nilijua hilo, nikaenda Kiwira. Ninyi akiondoka leo, kesho atawapigia simu. Mimi nitapigiwa na nani?"

Jua likachomoza juu ya mashamba ya chai. Lusekelo akashuka, lakini mkono wake mzima ulibaki kwenye springi. Subilaga alishika chuma cha nyuma. Mama aliweka kiganja juu ya kiti.

Simu ikalia mkononi mwa Subilaga. Akaifungua sauti wasikie wote.

"Nimeshafika," akasema Gwamaka. "Naiona ng'ambo, njia mnayokuja nayo. Anakuja nani?"

Lusekelo aliposikia sauti ile aligeuza uso, akatazama ukuta.

"Haloo? Mnanisikia? Anakuja nani?"

Injini ilikuwa imepata moto, inanguruma taratibu. Fundi Mwakifuna akaipachika spana kwenye pete, akainua macho.

"Mimi sina neno," akasema. "Semeni tu, nikaze kidato kipi?"

Nanyi mliokaa hapa mkisikiliza, fundi ameinama na saa sita haingoji. Je, nani alistahili kiti cha nyuma?