Ndoo ya Maji Katikati ya Uwanja wa Glenarra

Kulikuwa na wakati, wajukuu zangu, ambapo ndoo ilikuwa ndoo tu katika bonde hili la Glenarra, huku kwetu Ayalandi. Iliteka maji, ikanywesha ng'ombe, ikapumzika nyuma ya mlango. Uwanjani haikuwa na kazi. Wanawake nao hawakuwa na kazi huko, ila kufua jezi za kaka zao na kushangilia nje ya ukuta.

Wao walicheza mchezo wao wa magongo malishoni, kwenye mteremko, ambako mpira ulioponyoka ulikimbia hadi mtoni na ng'ombe walisimama golini wakicheua. Mfungaji wao hodari alikuwa Nuala Tierney, binti wa fundi viatu. Ndiye aliyewapanga, akawaandalia ratiba, akawaandikisha katika mashindano ya mabonde. Mashindano hayo yalikuwa na sharti moja gumu: kila timu icheze nyumbani kwenye uwanja tambarare wenye ukuta na lango, isiyo nao ijitoe. Glenarra ilikuwa na uwanja mmoja tu wa namna hiyo, na ufunguo wake ulining'inia kiunoni mwa Malaki Roche, mwenyekiti wa kamati.

Malaki hakuwa mtu mbaya. Alizipenda tu nyasi zake kupita kiasi, hata mvua ikinyesha aliahirisha mechi za wanaume, nyasi zisije zikachimbuliwa. Kamati yake ilimhitaji Nuala kwa jambo moja, nalo ni mwandiko. Waheshimiwa wale waliandika kama kuku wanaochakura, basi wakamwita kila kikao awaandikie kumbukumbu: akae, aandike, asiseme. Jioni moja akasema.

"Mwenyekiti, tunaomba uwanja."

Wakacheka wote. Malaki, akitaka kukinogesha kicheko, akajibu, "Haya, mwanangu. Wanawake wapewe uwanja siku yoyote ambayo nyasi zimelowa!" Alijua kwamba sketi za zama zile zilifika vifundoni, na sketi iliyolowa humfunga mtu miguu kuliko kamba.

"Niandike hivyo hivyo, Mwenyekiti?"

"Hivyo hivyo. Na nukta uitie."

Nuala akaandika, akatia nukta, akasoma kwa sauti, akamsogezea kalamu. Malaki akatia sahihi huku akijifuta machozi ya kicheko.

Mzee yule alisahau anaishi wapi. Bonde hili hunyeshewa hata mawingu yenyewe yakiwa yamechoka, na mwaka ule mvua haikukosa Jumapili hata moja. Wanaume walikaa majumbani kuzihurumia nyasi, wanawake wakacheza. Sketi zilipokunywa maji, Nuala alichukua mkasi wa baba yake akazipunguza shubiri moja, kisha ya pili, na mbingu hazikuanguka. Malaki alizitazama nyayo kwenye nyasi zake akaguna, lakini sahihi ilikuwa yake. Wakashinda mechi baada ya mechi, hadi wakaifikia fainali, nyumbani, dhidi ya Kilbrack.

Wiki ya fainali jua likawaka. Siku saba, hakuna tone. Nyasi zikakauka hata ukizikanyaga zinalia kama karatasi.

"Pole, mwanangu," Malaki akamwambia Nuala siku ya Jumamosi. "Zimekauka. Na maneno uliyaandika wewe mwenyewe."

"Na sahihi uliitia wewe, Mwenyekiti," akajibu, akaenda zake.

Kesho yake asubuhi wanawake wa Glenarra walisimama mstari mmoja kutoka mtoni hadi ukutani, wakipokezana ndoo, makopo ya maziwa, hata birika la chai la padri. Kila chombo kilichofika kilimwagwa juu ya ukuta. Wachezaji wa Kilbrack walipowasili, wakaweka mizigo chini wakajiunga, maana hawakuja kupewa kombe la bure. Malaki alikuta ukingo wa uwanja unang'aa, na mbele ya lango amesimama mwanamke wa miaka themanini, mgongo umepinda, ndoo imejaa mkononi. Alikuwa mama yake mzazi, Mama Honora.

"Malaki."

"Naam, mama."

"Nyasi zimelowa?"

"Hizi za ukingoni, mama. Za katikati bado."

"Basi fungua, nikaziloweshe za katikati."

Malaki akaitazama ndoo. Akaitazama mikono ya kizee iliyoishika. Mwanamume wa bonde hili aliweza kuwanyima wanawake uwanja, lakini kumwacha mama yake abebe maji watu wakiona, hilo hakuliweza. Akafungua lango, akaipokea ndoo, akatembea peke yake hadi katikati ya zile nyasi alizozipenda, akamwaga.

"Zimelowa!" likapigwa yowe lililowatimua kunguru wa kanisani.

Glenarra ilishinda kwa bao moja, na bao hilo Nuala alilifunga akitokea kwenye tope lile lile la katikati, ametapakaa hadi kwenye nyusi. Malaki alishangilia mpaka sauti ikamkauka. Kikao kilichofuata, kamati iliwapa wanawake uwanja kwa siku zote, za jua na za mvua, na Nuala akapewa kiti chenye kura. Baadaye akapewa kiti chenyewe cha mwenyekiti, na ufunguo ukahamia kiunoni mwake kwa miaka ishirini.

Kuanzia Jumapili ile hadi hii ya leo, mechi ya wanawake haianzi hapa kabla mwenyekiti, awe nani, hajapokea ndoo langoni kutoka kwa mwanamke mkongwe kuliko wote waliohudhuria na kuimwaga katikati. Ndiyo maana mnamwona sasa amesimama pale na mwavuli, mvua imenyesha tangu alfajiri, naye bado anasubiri maji. Ananisubiri mimi. Haya, nishikeni mkono niinuke, na mnipe ndoo yangu.